Kesi ya Jessica Lal: kilichomo kwenye filamu na kilichomo kwenye faili

Anayeitazama No One Killed Jessica, filamu ya Kihindi iliyotoka Januari 2011, humaliza akiwa na maelezo mepesi: mtoto wa mkubwa aliua, mashahidi wakageuka, mahakama ikamwachia, wananchi wakawasha mishumaa, mwandishi wa habari akaianika aibu hiyo kwenye televisheni, muuaji akafungwa. Hayo yote yalitokea, kwa namna moja au nyingine. Kinachokosekana ni kiungo cha katikati. Faili lililomwachia huru Manu Sharma tarehe 21 Februari 2006 ndilo lilelile lililomtia hatiani tarehe 18 Desemba mwaka huohuo. Kati ya tarehe hizo mbili hakuongezwa shahidi hata mmoja. Bastola ilikuwa haijapatikana, na haikupatikana hata baadaye. Mikanda ya mashahidi waliorekodiwa kwa siri na waandishi haikuwa sehemu ya ushahidi. Sasa kilibadilika nini?

Swali hilo linastahili jibu la kweli, kwa sababu ya Jessica mwenyewe na kwa sababu kesi za namna hii hazitokei India peke yake.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Alhamisi, tarehe 29 Aprili 1999. Kusini mwa Delhi, eneo la Mehrauli, kuna jengo liitwalo Qutub Colonnade, karibu na mnara wa kale wa Qutub Minar. Ndani ya jengo hilo kulikuwa na mgahawa wa Tamarind Court, mali ya Bina Ramani, mwanamke aliyejulikana sana katika ulimwengu wa fasheni na tafrija za Delhi. Alhamisi ilikuwa siku ya sherehe. Wenye majina mjini walikuja, na wanamitindo walisimama nyuma ya kaunta wakihudumia vinywaji. Jessica Lal, mwanamitindo wa miaka 34, alikuwa mmoja wao. Jambo moja lishikwe tangu sasa: mgahawa ule haukuwa na leseni ya kuuza pombe. Kwa hiyo hata kabla ya mtu kufa, waliokuwepo pale walikuwa tayari na sababu ya kutotaka kuulizwa maswali na polisi.

Usiku wa manane ukapita, pombe ikaisha, kaunta ikafungwa. Kiasi cha saa nane za usiku Manu Sharma alitaka kinywaji. Jina lake rasmi ni Siddharth Vashisht, mtoto wa Venod Sharma, mwanasiasa wa chama cha Congress aliyewahi kuwa waziri katika serikali kuu ya India. Alikuwa na rafiki zake, akiwemo Vikas Yadav, mtoto wa D. P. Yadav, mwanasiasa mzito wa jimbo la Uttar Pradesh. Akaambiwa pombe imekwisha. Akasisitiza, akakataliwa. Akachomoa bastola, akapiga risasi moja juu darini. Ya pili ilimpata Jessica kichwani.

Dakika zilizofuata ndizo zilizokuja kuamua kesi, ingawa filamu inazipita haraka. Bina Ramani alimkabili Sharma alipokuwa akitoka, akamuuliza kwa nini amempiga Jessica risasi, akamtaka atoe silaha. Sharma akamsukuma akaondoka. Mume wa Ramani akatoka nje kumfuata. Gari la Sharma, Tata Safari nyeusi, lilibaki nje ya jengo, na kabla hakujapambazuka likaja kuchukuliwa mbele ya macho ya mgambo aliyekuwa zamu, ambaye alijaribu kulizuia kwa fimbo yake akashindwa. Siku chache baadaye gari hilo likapatikana limetelekezwa Noida, mji ulio jirani na Delhi, likiwa na risasi moja nzima ndani yake. Mgahawani, polisi waliokota maganda mawili ya risasi. Damu ilikuwa imesafishwa. Sharma mwenyewe alijisalimisha tarehe 6 Mei 1999.

Kwa mtazamaji wa kawaida, kesi hii ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Mtu amepiga risasi ukumbini, watu wapo, mwenye mgahawa amemkabili papo hapo. Hata kwenye filamu, Meera Gaity, mwandishi wa habari anayeigizwa na Rani Mukerji, mwanzoni haoni haja ya kupoteza muda nayo. Anaona ni kesi ya wazi. Yeye macho yake yako vitani Kargil, ambako India na Pakistan zilipigana mwaka huohuo wa 1999. Hapo filamu imepiga penyewe, maana ndivyo waandishi wengi walivyoiacha kesi hii izunguke mahakamani kwa miaka karibu 7 bila mtu wa kuifuatilia kwa dhati, isipokuwa dada wa marehemu, Sabrina Lal.

Basi iliwezekanaje mahakama ikasema washtakiwa wote tisa hawana hatia?

Sababu ya kwanza ni mashahidi. Upande wa mashtaka ulikuwa na mashahidi watatu wa macho: Shayan Munshi, mwanamitindo aliyekuwa nyuma ya kaunta pamoja na Jessica, fundi umeme wa mgahawa, na mgeni mmoja. Wote watatu waligeuka, yaani wakakana mahakamani yale waliyowaambia polisi. Na hawakuwa peke yao. Idadi ya mashahidi waliogeuka katika kesi hii ilifika 32.

Munshi ndiye aliyeumiza zaidi, kwa sababu taarifa ya kwanza ya kosa ilifunguliwa kwa maelezo yake. Katika maelezo yale ya usiku wa tukio, mpigaji ni mmoja, na bastola ni moja. Alipopanda kizimbani mwaka 2001 alisema polisi waliandika kwa Kihindi, lugha ambayo yeye haimudu, kwa hiyo hakujua alichotia saini. Akaongeza kwamba walikuwa wanaume wawili: mmoja alipiga darini, mwingine akampiga Jessica.

Msomaji atauliza, na ni haki yake kuuliza: si alishaandika maelezo polisi? Kwa nini mahakama isiyashike yale ya mwanzo? Hapa ndipo penye fundo. Kwa sheria ya India, maelezo ambayo shahidi anampa polisi wakati wa upelelezi hayawi ushahidi. Shahidi hata haruhusiwi kuyatia saini. Yanaweza kutumika kumbana akisema kinyume mahakamani, basi. Taarifa ya kwanza ya kosa hutiwa saini, lakini nayo haisimami peke yake kama ushahidi. Inaunga mkono au inapinga kile ambacho mtoaji wake anakisema kizimbani. Sheria iliwekwa hivyo kwa sababu nzuri. Polisi wa enzi za ukoloni, na si wa enzi hizo tu, waliogopwa kwa kuandika walichotaka na kumlazimisha mnyonge aweke dole gumba. Kinga hiyo ilimlenga maskini. Lakini kinga haichagui wa kumkinga, na katika kesi ya Jessica ilimfaa mtu ambaye familia yake ilikuwa na uwezo wa kuwafikia mashahidi muda wote ule kabla hawajaitwa mahakamani.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaweza kuutambua utaratibu huu, na si kwa bahati. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika pia Afrika Mashariki wakati wa Waingereza. Kenya ilitunga ya kwake mwaka 1963, Tanzania mwaka 1967, na zote mbili zilibeba mengi kutoka kwenye ile ya India. Shahidi aliyegeuka ni mtu anayejulikana vizuri kwenye mahakama zetu.

Sababu ya pili ni yale maganda mawili. Mtaalamu wa silaha alitoa maoni kwamba yanaonekana kutoka kwenye silaha mbili tofauti. Hapo utetezi ukapata kitu cha kushika: Munshi anasema wapigaji wawili, mtaalamu anasema silaha mbili, kumbe hadithi ya polisi ya mtu mmoja na bastola moja imebomoka. Bastola yenyewe ingemaliza ubishi kwa jaribio la siku moja, lakini haikuwepo. Sharma alikuwa na leseni ya bastola ya aina ileile iliyotumika, kipenyo cha 0.22, na hakuitoa.

Jaji S. L. Bhayana wa mahakama ya kwanza aliviweka hivyo pamoja: mashahidi wa macho hawapo tena, silaha haipo, mtaalamu anatia shaka. Kanuni ni kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Akawaachia. Nikisoma mambo yalivyokwenda, siwezi kusema jaji alibuni sheria. Kosa lake lilikuwa kwingine, na Mahakama Kuu ndiyo iliyolionyesha.

Kesho yake, tarehe 22 Februari 2006, gazeti la Times of India liliandika kichwa cha habari kilichokuja kuwa jina la filamu: hakuna aliyemuua Jessica. Hasira iliyofuata ilikuwa ya aina mpya mjini Delhi. Kituo cha televisheni cha NDTV kiliomba watazamaji watume ujumbe wa simu kudai kesi ifunguliwe upya, na zaidi ya 200,000 wakatuma. Watu wakakusanyika na mishumaa India Gate, mnara wa kumbukumbu wa vita mjini Delhi. Mwezi uliotangulia ilikuwa imetoka filamu iitwayo Rang De Basanti, yenye vijana wa Delhi wanaowasha mishumaa mahali palepale kupinga serikali, na waandamanaji walikuwa wameitazama. No One Killed Jessica haifichi deni hilo: ndani yake wahusika wanaitazama Rang De Basanti na kupata wazo. Filamu ilizaa tendo, tendo nalo likazaa filamu nyingine. Sijui mfano mwingine ulio wazi hivyo wa sinema kuingia barabarani na kurudi tena kwenye skrini.

Lakini mishumaa haikati rufaa. Polisi na upande wa mashtaka ndio waliokwenda Mahakama Kuu ya Delhi, na sheria ya India inawaruhusu. Hapa wengi huchanganya mambo. Kilichotokea hakikuwa kesi mpya. Huko Marekani, mtu akishaachiliwa na baraza la wazee wa mahakama, mambo yamekwisha. Serikali haiwezi kukata rufaa dhidi ya kuachiliwa kwake. India, kama ilivyo katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kiingereza kupitia ukoloni, serikali inaweza kupinga kuachiliwa kwa mshtakiwa, na mahakama ya juu inasoma upya kumbukumbu zilezile za kesi. Hakuna anayeitwa kizimbani upya. Kinachotazamwa ni kama jaji wa kwanza aliupima ushahidi sawasawa.

Majaji R. S. Sodhi na P. K. Bhasin ndio waliolisoma faili. Walichokifanya ni hiki: waliacha kutazama yaliyopotea wakatazama yaliyobaki. Na yaliyobaki yalikuwa mengi.

Bina Ramani hakugeuka. Binti yake Malini hakugeuka: alieleza kwamba Sharma alimwomba kinywaji muda mfupi kabla ya risasi, akamjibu baa imefungwa. Mume wa Ramani hakugeuka. Alikuwepo pia mgeni aliyeitwa Deepak Bhojwani aliyesimama na neno lake kwamba Sharma alikuwepo pale. Kulikuwa na mgambo na habari za gari. Kulikuwa na risasi nzima ndani ya Tata Safari iliyofanana na maganda ya mgahawani, hata alama ya herufi iliyogongwa kitakoni. Kulikuwa na leseni ya bastola isiyoonekana, na mwenye leseni asiyetaka kueleza iko wapi. Kulikuwa na mtu aliyetoweka kwa siku kadhaa baada ya tukio, na aliyekataa gwaride la utambulisho kwa hoja kwamba picha zake zilikuwa zimeshatoka magazetini.

Mahakama ya kwanza ilivichukua vitu hivi kimoja kimoja, na kila kimoja ikakiona chepesi. Mahakama Kuu ilivifunga pamoja. Tofauti yote ya Februari na Desemba iko hapo. Ushahidi wa mazingira haupimwi kwa kipande. Kipande kimoja kinaweza kuwa na maelezo mengine, lakini vipande kumi vyote vikimwelekea mtu mmoja, anayetaka kuvikwepa inabidi atoe maelezo yanayovitosha vyote kwa mpigo, na utetezi haukuwa nayo.

Kuhusu silaha mbili, majaji walisema bila silaha yenyewe mtaalamu hawezi kutoa kauli ya uhakika, na maoni yake hayawezi kushinda ushahidi mwingine wote. Kuhusu Munshi, hawakumtupa. Hili ni jambo ambalo hata watu walioifuatilia kesi kwa karibu hulisahau: shahidi akigeuka, maneno yake hayafutiki yote. Mahakama inaweza kuchukua sehemu inayooana na ushahidi mwingine na kuacha sehemu iliyopikwa. Hata baada ya kugeuka, Munshi alibaki akisema kwamba Jessica alipigwa risasi pale kwenye kaunta na kwamba yeye alikuwepo. Hadithi ya mtu wa pili ndiyo iliyokataliwa.

Tarehe 18 Desemba 2006 Sharma akatiwa hatiani kwa mauaji, na siku mbili baadaye akapewa kifungo cha maisha na faini ya rupia 50,000. Vikas Yadav na Amardeep Singh Gill walipewa miaka 4 kila mmoja kwa sehemu yao katika kuficha ushahidi. Alok Khanna, rafiki mwingine wa usiku ule, aliachiwa. Mahakama ya Juu ya India ikathibitisha hukumu hiyo tarehe 19 Aprili 2010, ingawa Sharma alikuwa ametetewa na Ram Jethmalani, mmoja wa mawakili wakubwa kabisa wa nchi ile.

Je, basi umati haukufanya kitu? Ulifanya, na sitaki kuudharau. Rufaa za India zinaweza kulala kwenye rafu hadi wahusika wazeeke. Hii ilisikilizwa na kuamuliwa ndani ya mwaka mmoja. Vyombo vya habari ndivyo vilivyoifanya isilale. Oktoba 2006 jarida la Tehelka, likishirikiana na kituo cha Star News, lilionyesha mashahidi waliorekodiwa kwa siri wakizungumzia fedha na vitisho. Venod Sharma, wakati huo waziri katika serikali ya jimbo la Haryana, akajiuzulu. Hayo ni makubwa. Ila yalileta pia hatari ambayo Mahakama ya Juu iliitaja wazi mwaka 2010: televisheni ikimhukumu mshtakiwa kabla ya jaji, haki ya kuhesabiwa huna hatia inalika. Majaji waliona kwamba katika kesi hii hukumu ilisimama juu ya ushahidi, si juu ya kelele. Onyo lenyewe hata hivyo walilitoa, na naliona la haki. Umati uliomdai Sharma ulikuwa sahihi. Umati mwingine, siku nyingine, unaweza kumdai mtu asiye na kosa.

Sasa turudi kwenye filamu. Raj Kumar Gupta, mwongozaji wake, alikuwa na tatizo ambalo kila anayetengeneza filamu ya kisa cha kweli hukutana nalo: ukweli una watu wengi mno. Kampeni ya ujumbe wa simu ni ya NDTV, kichwa cha habari ni cha Times of India, kamera ya siri ni ya Tehelka. Kwenye filamu hawa wote wamekuwa mtu mmoja, Meera. Ni uamuzi unaofaa kwa sinema, na Rani Mukerji aliubeba hadi akapata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi. Gharama yake ni kwamba mtazamaji anaamini ushindi wa kesi ulipatikana kwenye chumba cha habari. Sharma anaitwa Manish Bharadwaj, Munshi anaitwa Vikram, na karibu kila jina limebadilishwa isipokuwa mawili: Jessica na Sabrina. Tofauti hiyo ya majina ni ya kisheria kwa sehemu kubwa, maana anayetajwa anaweza kushtaki, lakini ndani ya filamu inafanya kazi nzuri. Wakubwa wote wamevaa majina ya bandia, na dada wawili ndio pekee waliobaki na ya kwao.

Kinachonigusa zaidi ni Vidya Balan kama Sabrina. Balan ni steringi ambaye angeweza kuangua vilio kila dakika tano na ukumbi ukalia naye. Hapa amevaa fulana zisizo na umbo na miwani, anaongea kidogo, anatembea kama mtu aliyechoka kufungua milango ya ofisi. Anawafuata mashahidi mmoja mmoja, anawabembeleza, wanamkwepa. Hiyo ndiyo picha ya kweli ya miaka ile kati ya 1999 na 2006, miaka ambayo haikuwa na mishumaa. Inspekta anayesimamia upelelezi naye amechorwa vizuri: anakiri kuchukua hela, na bado ndani ya mipaka ya hela hiyo anafanya kazi. Polisi wa namna hiyo tunamjua, na filamu nyingi zinaogopa kumwonyesha hivyo alivyo.

Ninalolilalamikia ni Jessica mwenyewe. Filamu ina jina lake, lakini anauawa mwanzoni kabisa na kurudi kwa vipande vya kumbukumbu tu, akicheka, akimtetea dada yake. Maisha ya mwanamitindo wa Delhi mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na riziki ya kuungaunga iliyomfanya asimame nyuma ya kaunta saa nane za usiku, hayajapewa nafasi. Kwa upande mwingine filamu haimhukumu. Hakuna mstari unaouliza alikuwa akifanya nini baa usiku ule, swali ambalo wanawake waliouawa hulipata kila mahali, na kwetu pia. Hilo naliheshimu.

Na kuna swali ambalo filamu haikuligusa, ingawa lilikuwa likiulizwa India nzima: kwa nini Jessica? Mwaka huohuo wa 2006, mwezi Septemba, katika kijiji cha Khairlanji jimboni Maharashtra, watu wanne wa familia ya Bhotmange, Wadalit, yaani watu wa tabaka linalodharauliwa kuliko yote India, waliuawa na kundi la wanakijiji. Televisheni zilichelewa kufika, na India Gate haikujaa mishumaa. Waliomlilia Jessica walikuwa watu wa mjini walioona kwamba angeweza kuwa dada yao, rafiki yao, mfanyakazi mwenzao. Si kosa kumlilia mtu unayemfahamu. Ila haki inayotegemea kufahamika kwa marehemu ina wengi inaowaacha nje. Faida moja ilipatikana hata hivyo: hasira ya Februari iliusogeza pia mbele mkasa wa Priyadarshini Mattoo, mwanafunzi wa sheria aliyeuawa Delhi Januari 1996, ambaye mshtakiwa wake, mtoto wa afisa wa polisi, alikuwa ameachiwa mwaka 1999. Majaji walewale wawili, Sodhi na Bhasin, walimtia hatiani Oktoba 2006.

Baada ya filamu kufungwa, mambo yaliendelea. Hata kabla haijatoka, mwaka 2009, Sharma alikuwa ameruhusiwa kutoka gerezani kwa muda kwa sababu za kifamilia, akaonekana klabu ya usiku Delhi, kukazuka kashfa, akarudi ndani. Mwaka 2018 Sabrina aliandikia gereza la Tihar kwamba hana pingamizi akiachiwa, kwamba amesamehe. Sharma aliachiwa Juni 2020, baada ya kama miaka 17 ya kifungo. Sabrina alifariki Agosti 2021. Wazazi wao walikuwa wamefariki zamani, kabla Mahakama ya Juu haijatoa neno la mwisho. Wapo waliomlaumu Sabrina kwa barua ile. Mimi sioni wa kumlaumu. Aliyeshinda miaka ile yote kwenye korido za mahakama ndiye mwenye haki ya kusema amechoka kuchukia.

Kwa wale mashahidi, Mahakama Kuu iliwataka 32 wajieleze mara tu baada ya hukumu ya 2006. Mwaka 2013 iliagiza wawili washtakiwe kwa ushahidi wa uongo: Shayan Munshi na mmoja wa wataalamu wa silaha. Wawili kati ya 32. Adhabu kwa anayegeuka ni nusu ya dawa, tena nusu ndogo, kwa sababu fundi umeme anayetishwa na watu wa waziri ana mengi ya kuhofia kuliko kifungo cha kusema uongo. Nusu kubwa ni kumlinda kabla hajapanda kizimbani. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Mashahidi mwaka 2006, mwaka uleule wa hukumu mbili za Delhi, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2015. India ilingoja hadi Desemba 2018, pale Mahakama ya Juu ilipoupitisha mpango wa kuwalinda mashahidi na kuamuru ufuatwe nchi nzima. Sheria mpya ya mwenendo wa makosa ya jinai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inalitaka kila jimbo liwe na mpango wake. Utekelezaji sasa uko mikononi mwa serikali za majimbo, zilezile ambazo ndani yake hukaa mawaziri wenye watoto.